Hela ya kuzuia gari ni ya nani?

Novemba mwaka juzi tulimwachia mtu wa Moshi shilingi 1,000,000 ili asiuze Toyota IST yake kwa mwingine. Bei tulikuwa tumeshaelewana, milioni 10 na nusu. Gari namba D, ndani safi, na mwenyewe alionekana mtu wa watu. Tulilikagua Majengo jioni, dalali yuko pembeni anatukumbusha kwamba kuna mama wa Himo amelipenda na kesho asubuhi anakuja na hela yake mkononi. Nikatuma kwa simu palepale. Hakuna aliyeandika chochote.

Siku nne baadaye tulishuka tena kutoka Arusha na fundi wetu wa Unga Limited. Fundi akalizunguka, akalala chini yake, akaliendesha, hakuwa na neno kubwa. Kasheshe ilianza nilipoomba kuona kadi ya gari, ile ya umiliki.

"Kadi ipo, dada, ila ipo kwa watu."

Kumbe ilikuwa imewekwa rehani kwa mkopeshaji, na sehemu ya ile milioni yetu ndiyo iliyopelekwa kupunguza deni. Tukitaka kadi, tutoe hela yote iliyobaki, yeye akaikomboe, jioni tuonane kwa ajili ya kubadilisha umiliki. Mume wangu akagoma. Tukaomba hela yetu. Mwenye gari hajafungua mdomo, dalali akamjibia: "Shemeji, hela ya kuzuia gari huwa hairudi. Hata mtoto mdogo anajua."

Kauli hiyo nimeisikia tena mara nyingi tangu siku ile. Jirani yangu hapa Sakina aliambiwa hivyohivyo alipoacha 500,000 kwenye Noah. Inasemwa kwa uhakika, kama vile imebandikwa ukutani serikalini. Mimi naamini mara nyingi si kweli, na inaendelea kuishi kwa sababu sisi wanunuzi, siku ya kutoa hela, hatusemi hela hiyo ni ya kazi gani.

Wazee walikuwa na neno arubuni. Unatoa kidogo, mnafunga makubaliano. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inaitambua: mauzo ya bidhaa ya kuanzia shilingi 200 huwezi kuyadai mahakamani kama hakuna maandishi yaliyosainiwa, isipokuwa mnunuzi amepokea sehemu ya bidhaa, au ametoa arubuni, au amelipa sehemu ya bei. Kiwango hicho kilitungwa zamani, shilingi 200 ikiwa hela ya maana, lakini angalieni arubuni inafanya kazi gani pale. Inafunga. Na makubaliano yakishafungwa yanawafunga wote wawili. Milioni yangu haikunizuia mimi peke yangu nisiende kwa muuzaji mwingine. Ilimfunga na yeye aniletee gari ambalo anaweza kulihamisha liwe langu. Kama kadi ya gari imelala kwa mkopeshaji, na mnunuzi hakuambiwa, muuzaji ndiye aliyeshindwa kutimiza. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyedanganywa haki ya kuyakataa makubaliano, na kuficha kwa makusudi jambo unalolijua inalihesabu kuwa ni udanganyifu. Hapo hela inarudi yote. Sioni cha kujadili.

Kuna upande wa pili, na siwezi kuuruka kwa sababu tu mimi nilikuwa mnunuzi. Huku kwetu Desemba gari lina bei yake. Watu wanataka kwenda nyumbani Krismasi na usafiri wao, na mwenye gari anayekubali kulishikilia wiki mbili kwa ajili yako anawafukuza wengine. Binamu yangu alishikiliwa gari hivyo Tengeru: akaacha hela, akanyamaza, tarehe 28 akapiga simu kusema amebadili mawazo na anataka arudishiwe kila senti. Nilimwambia wazi kwamba hapo simuungi mkono. Muuzaji amepoteza msimu. Ila hata hapo, kifungu cha 73 cha Sheria hiyo ya Mikataba kinazungumzia fidia ya hasara iliyotokana na kuvunja makubaliano. Kama gari aliliuza Januari kwa pungufu ya laki tatu, akate laki tatu. Kukata milioni nzima kwa sababu "huwa hairudi" ni kujilipa kwa hasira.

Na kuna mtu wa tatu ambaye hatajwi. Katika milioni yetu, laki nne zilikuwa zimeshaingia mfukoni kwa dalali siku ileile, kama cha juu chake. Gari halijauzwa, yeye ameshalipwa. Ndiyo maana alikuwa wa kwanza kujibu! Mwenye gari hata angetaka kuturudishia, hela hakuwa nayo. Nina hakika ugomvi mwingi wa namna hii ungepungua kama dalali angelipwa siku kadi inapokabidhiwa, si kabla.

Tulikwenda polisi. Askari alitusikiliza vizuri, akasema hiyo ni kesi ya madai. Niliudhika, lakini leo namwelewa. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa la jinai, ila lazima ionekane kwamba mtu alikudanganya ndipo ukatoa hela. Mtu aliyepokea akashindwa kulipa anadaiwa tu. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya mikataba ya kiasi kama kile, na ujumbe wa muamala wa simu unapokelewa kama ushahidi tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Shida ni kwamba ujumbe wangu ulionyesha hela imetoka kwangu imeingia kwake. Imetoka kwa ajili gani, haukusema. Angeweza kusema nililipa deni.

Hatukufika mahakamani. Mwenye gari alitulipa 600,000 kwa mafungu matatu, la mwisho mwezi Machi. Ya dalali hatujaiona hadi leo.

Gari tulilo nalo sasa tulilipata Njiro. Safari hii mume wangu alichana karatasi ya daftari la mtoto, akaandika akiwa ameiegemeza kwenye boneti: shilingi 500,000, sehemu ya bei, kadi nimeiona, fundi akikuta kasoro ambayo sikuambiwa hela inarudi yote ndani ya siku tatu. Muuzaji, mama mtu mzima, akaisoma mara mbili. Akaomba kalamu, akaongeza mstari wake chini: wasipokuja hadi Jumamosi nakata 50,000, gari nauza. Tukasaini wote watatu. Tulikwenda Ijumaa.