Gia 21 za Nini Malindi?

"Gia 21 za nini, mwalimu? Mlima wa kupanda hapa Malindi uko wapi?"

Fundi wangu aliniuliza hivyo akiwa ameipindua baiskeli yangu, magurudumu juu, chini ya mwarobaini kule Shella. Sikuwa na jibu. Niliinunua mtumba kwa sababu ilinijaza macho: foki ya mbele ina springi, tairi zina meno kama za trekta, usukani uko chini kama wa vijana wa mashindano. Nami nina miaka 48 na kitambi, na safari zangu ni za sokoni, au jioni kupunga upepo hadi kwenye mnara wa Vasco da Gama. Baada ya miezi michache viganja vikawa vinakufa ganzi, shingo inauma, na ile springi imeganda kwa kutu, haibonyei hata uikalie. Chumvi ya bahari haina adabu.

Tangu siku hiyo nina maoni yangu, na wauzaji wakinuna wanune. Mtu mzima anayeendesha kwa starehe anunue mkao kwanza. Usukani uwe juu kuliko kiti, mgongo usimame. Ukiinama, uzito unahamia viganjani, na shingo inalazimika kujikunja ili uone njia. Watazame wazee wa Black Mamba, zile baiskeli za zamani: lile dude ni zito, halina gia hata moja ya kubadilisha, lakini mtu anavuka nalo daraja la Sabaki akiwa wima, akimwamkua kila anayempita.

Kiti ndicho kinachodanganya wengi. Watu hukimbilia kile kinene cha sponji. Dukani ukikibonyeza kwa kidole gumba utakipenda, ila kikalie nusu saa. Ile mifupa miwili ya makalio inazama, na sponji iliyobaki inapanda kukufinya katikati, mahali pasipotajika. Bora upana kuliko unene. Weka kadibodi barazani, ikalie dakika moja, kisha inuka: utaona vishimo viwili. Kiti kiwe kipana kidogo kuliko umbali wa vishimo hivyo. Mke wangu alinikuta nimekalia boksi la sabuni, rula mkononi. Hakuuliza kitu, akarudi zake ndani.

Urefu wa kiti nao una kisa chake. Tunakishusha hadi nyayo zote mbili ziguse chini, kwa woga wa kuanguka, halafu magoti yakiuma tunausingizia uzee. Kanyaga pedali kwa kisigino ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukishakanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, kama inavyotakiwa, goti litabaki limejikunja kidogo. Hapo ndipo pake.

Springi za bei nafuu ziache. Kwa njia zetu za mchanga na mawe ya matumbawe, springi nzuri ni upepo ulio ndani ya tairi pana, ya sentimita 4 au 5, isiyojazwa ikawa ngumu kama jiwe.

Lakini kabla hujalipa, soma ubavu wa tairi, maana hapo nililiwa. Nilitaka kuifufua Black Mamba ya marehemu baba, nikanunua tairi iliyoandikwa 28. Rimu ya baba nayo ni 28. Ikagoma kuingia! Fundi akajaribu, akatoka jasho, ndipo akanionyesha namba ndogo ambayo sikuwahi kuitazama, ya kipenyo cha rimu kwa milimita: tairi ni ya 622, rimu ya zile za zamani ni 635. Ni milimita 13 tu, lakini hata ulie haiingii. Muuzaji akakataa kurudisha pesa, na ile tairi hadi leo inaning'inia msumarini uani. Ndiyo maana sasa napenda gurudumu la inchi 26 la kawaida, la 559. Tyubu yake siitafuti kwa tochi.

Fremu chagua yenye bomba lililoinama, uingie bila kurusha mguu. Wengine watakwambia ni ya kike. Wavae kanzu Ijumaa waipande yenye bomba la juu, tuwaone. Na mnyororo uwe na kava, la sivyo kanzu hiyohiyo itarudi na mstari mweusi wa mafuta usiotoka kwa sabuni yoyote.

Gia? Tatu zatosha. Utazihitaji Julai ukirudi kutoka Mambrui, upepo wa kusi umekukabili usoni na mchanga unakuingia menoni. Siku nyingine zote hata hutazigusa.

Ile ya gia 21 nimempa mpwa wangu. Anaisifu kutwa. Ana miaka 16.