Mama Mwenye Nyumba Hakunifunga Dirishani

Mmeiona video ya mimi nimefungwa waya dirishani, na mnasema mama mwenye nyumba kanifunga kwa sababu ya kodi. Kwanza kabisa, hakunifunga. Nilijifunga mwenyewe. Najua utetezi huu haunisafishi sana, lakini tangu jana asubuhi simu yangu haipoi, na kila anayepiga anaanza na "pole" halafu anaachia kicheko alichokuwa amekibana tangu salamu. Hata kaka yangu aliyeko Muscat ameipata hiyo video. Muscat! Pesa yake mimi hunifikia baada ya kumkumbusha mara nyingi, lakini aibu yangu imemfikia yeye kabla jua halijazama.

Aliyesambaza ni rafiki yangu, ambaye humu nitamwita Shahidi, kwa kuwa ndivyo anavyojitambulisha kila akisimulia: "Mimi ni shahidi, nilikuwepo." Kweli alikuwepo, kashika simu anarekodi. Ila video yenyewe mwanzo wake ni mwanga kidogo, kisha giza na sauti tupu, na katika hizo sauti kuna mtu analia kuhusu kodi. Mtu huyo ni mimi. Sasa tulieni.

Wale wa siku nyingi mnajua habari za laptopu yangu, nimeshawalilia sana. Kazi yangu ni video za harusi, na laptopu ile ukiipa video ya sendofu yenye urefu wa saa mbili iitoe, inavuma, inachemka, kisha inazima bila kuaga. Kuna mama wa bibi harusi mmoja anasubiri video tangu binti yake aolewe, na binti sasa ni mjamzito. Nikasema basi, naunda deskitopu yangu mwenyewe, kipande kwa kipande, palepale Kariakoo. Fungu nililipata kwenye malipo ya awali ya harusi nyingine, nikachanganya na pesa fulani iliyokuwa imekaa tu ndani ikisubiri tarehe. (Hiyo pesa fulani ndiyo kodi. Tutafika.)

Na kwenye kubana matumizi mimi nimejaliwa, siwafichi. Kesi, yaani lile kasha la kompyuta, nilipewa bure na ofisi moja iliyokuwa inatupa vitu, haina mfuniko wa ubavuni. Nikasema afadhali, hewa itapita. Monita ni mtumba wa Ulaya, una mstari mmoja wa kijani upande wa kulia ambao ukiuzoea huuoni. Kwenye prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ndiko nilikotumia kichwa: Ryzen 5 5600G, ile ambayo grafiki imo humohumo ndani, kwa hiyo kadi ya grafiki sinunui. Imeandikwa wati 65 tu. Kijana wa dukani akanishauri nichukue RAM, zile kumbukumbu za muda, mbili za GB 8, maana ile grafiki haina kumbukumbu yake yenyewe, inakopa kwenye RAM, na zikiwa mbili zinafanya kazi kwa pamoja. Nikamwambia nipe moja, mwenzake atamkuta.

Ikabaki pawa saplai, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta. Mafundi umeme mliomo humu, tafadhali kaeni chini kabla ya kuendelea.

Ile ya maana, yenye cheti cha 80 Plus cha kutopoteza umeme na dhamana ya miaka, ilikuwa Sh 180,000. Pembeni yake ilikaa nyingine ya Sh 35,000, boksi lina picha ya simba anatoa moto puani, na imeandikwa 600W kwa maandishi makubwa kuliko ya ile ghali. Nikapiga hesabu. Prosesa 65, ongeza madabodi (ile bodi kuu), diski ya SSD na feni, yote kwa pamoja hayafiki hata wati 150. Sasa mimi na hizi 600 nakwenda nazo wapi? Si nimezidi? Shahidi akaipokea, akaipima mkononi. "Kaka, mbona nyepesi hivi? Humu ndani kuna mtu kweli?" Akaigeuza ubavuni kwenye kile kijedwali, akasoma volti 12, ampea 16, akazidisha kwenye simu, akapata wati 192. Akamuuliza muuzaji zile wati nyingine ziko wapi. Muuzaji akajibu bila kupepesa macho kwamba nyingine ni za akiba.

Mimi nililiona jibu lina mantiki. Nikalipa.

Sasa kuna jambo moja ambalo Shahidi halijui, na naomba lisimfikie. Nyuma ya pawa saplai ile kuna kijiswichi chekundu. Kikiwa upande mmoja kinasomeka 230, ukikisukuma kwa bisibisi kinasomeka 115. Zile za bei kubwa nyingi hazina kitu hicho, zinajipanga zenyewe kwa umeme utakaokuja. Ya kwangu ilinipa uhuru wa kuchagua. Nikakaa kitandani nikautafakari uhuru huo. Nyumba yetu ni mita moja, LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, tunachangia wapangaji wote, na kila kikao cha kuchangia mimi ndiye ninayetajwa kwa sababu ya "mitambo yake". Huku kuna 230, huku kuna 115. Wewe mwenye uchungu na uniti ungechagua ipi?

Nikasukuma.

Halafu kuna waya. Nilikuwa nimeangalia mafunzo YouTube, mzungu mmoja anaeleza kuwa mwili wa binadamu unabeba umeme tuli, na ukigusa madabodi hivihivi unaweza kuua chipu na usijue. Yeye anavaa mkanda kifundoni mwa mkono, mkanda una waya, waya unabanwa kwenye chuma. Kamkanda hako Kariakoo ni Sh 8,000. Elfu nane ya kamba! Nikachuna waya wa pasi mbovu nikatoa shaba, nikajizungushia mkono wa kushoto, nikazungusha tena, upande wa pili nikaukaza kwenye nondo ya dirisha. Mimi nikifunga kitu kimefungwa. Mzungu akaongeza kuwa nguo za polista zinazidisha huo umeme. Jezi yangu polista. Trakisuti polista. Nikavua vyote, nikabaki na bukta ya pamba ambayo umri wake tuuache.

Picha mnaipata. Saa tatu na nusu usiku, mimi nimechuchumaa sakafuni na bukta, nimeunganishwa na dirisha. Shahidi kasimama mlangoni anarekodi, eti kumbukumbu. Ukuta wa pili ni sebule ya mama mwenye nyumba, na humo wamejaa wapangaji wa kike wote, pamoja na wa kiume waliojifanya wamefuata maji ya kunywa, kwa sababu ilikuwa sehemu ya mwisho ya tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ukuta wetu mwembamba, neno halipotei. Mzee yuko hospitali, pumzi zinakata, kijana kamshika mkono. "Mwanangu," mzee anasema, anakohoa. "Baba yako halisi ni..."

Nikawasha soketi.

Hapa naomba twende taratibu.

Cha kwanza kilikuwa mwanga. Mdogo, wa bluu, kwenye matundu ya pawa saplai. Mzuri kabisa. Nakumbuka niliwaza, eh, kumbe ina taa! Nikatabasamu, na tabasamu hilo limo kwenye video, wengi wenu mmeshalifanya stika. Kisha PAA! Ile ya kuingia kifuani. Kitu chenye majimaji kikanipiga begani, kingine shavuni. Harufu ya plastiki ikapanda na ndani yake harufu ya samaki aliyeachwa jikoni. Papo hapo swichi kubwa ya nyumba ikajishusha, giza totoro vyumba vyote, na tamthilia ikakatikia kwenye "ni".

Mwili wangu ukaamua kukimbia, mimi haukunishirikisha. Nikachomoka kuelekea mlangoni kwa nguvu zote, nikafika katikati ya chumba, na mkono wa kushoto ukanirudisha nilikotoka. Nilikuwa nimeshausahau waya. Hebu jiwekeni pale: giza, moshi, masikio yanalia nyiii, halafu kuna kitu kimekukamata mkono. Unavuta, nacho kinavuta. Nikajaribu upande mwingine, kikanifuata. Wakati kama huo hakuna anayefikiria umeme tuli. Unafikiria ni nani mwenye haki ya kukukamata katika nyumba ile, na mimi nilikuwa namjua. Nikapaza sauti ambayo sijui nilikuwa naihifadhi wapi:

"Kodi nitalipa! Mama, kodi nitalipa! Wallahi, mwisho wa mwezi!"

Kimya.

Kisha ng'ambo ya ukuta, bila haraka yoyote, sauti ya mama mwenye nyumba: "Haya. Nimesikia."

Ndipo nyumba ikalipuka kwa mara ya pili. Mmoja anapiga kelele "Transfoma!", mwingine anamkatalia, "Transfoma gani, mtungi wa gesi huo!", na kwenye neno gesi wote wakamiminika uani, watoto wamebebwa, mwingine kabeba televisheni. Shahidi wakati huo alikuwa keshafika barabarani. Sehemu hiyo kwenye simulizi lake haimo, ulizeni.

Walipoona hakuna moto wakarudi na tochi za simu. Mlango ukasukumwa, tochi ikanipiga usoni, na nyuma ya tochi alikuwa mama mwenye nyumba mwenyewe na kanga zake. Mimi nimelelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Tochi ikashuka mpaka kwenye bukta, ikapanda kwa haraka, ikaufuata waya kutoka mkononi hadi dirishani, ikarudi. "Nani kakufunga?"

"Nimejifunga mwenyewe, mama."

"Kwa nini?"

"Umeme tuli."

Akawageukia wenzake. "Anasema alitaka umeme utulie."

Bibi wa chumba cha mbele akapenya. "Msimguse! Huyo ana umeme! Leteni mti mkavu!" Mti uliopatikana upesi ulikuwa mwiko, tena umetoka sufuriani muda huohuo, ukavu wake wa jina tu. Nikachomwa nao ubavuni kwa tahadhari. Nikachomwa tena, nadhani kwa starehe. "Hana," mshika mwiko akatangaza. Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba nyumba nzima haina umeme, sasa wa kwangu ungetokea wapi.

Kunifungua kukawa kazi. Niliwaambia, mimi nikifunga kitu kimefungwa. Koleo ikatafutwa chumba kwa chumba, mimi nimesimama pale, ugali unaniganda mbavuni, namsimulia mama mwenye nyumba habari za umeme tuli na yeye kakunja mikono ananitazama. Hapo ndipo Shahidi akarudi, tochi mbele, bado anarekodi. Hicho ndicho kipande mnachokijua: kijana na bukta, kafungwa dirishani, mwenye nyumba kakunja mikono mbele yake, na dakika moja nyuma yule kijana alikuwa analia kwamba kodi atalipa. Ningekuwa wewe, na mimi ningesambaza.

Yaliyobaki ni mafupi. Asubuhi fundi redio wa mtaani aliifungua pawa saplai. Ndani kapasita mbili kubwa, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, zote zimepasuka, na yale yaliyonipiga shavuni yalikuwa karatasi zake zilizolowa dawa. Kila moja imeandikwa 200V, yaani mwisho wake volti 200. Akasema kijiswichi kikikaa 115, kila kapasita inabebeshwa kilele chote cha umeme wa ukutani, na wetu huu wa volti 230 kilele chake ni kama volti 325. "Umezipa mzigo huo, ulitaka zikushukuru?" Akakiangalia kijiswichi, akaniangalia mimi. "Nani kasukuma hiki?" Nikasema kilikuja hivyo kutoka dukani. Nikamuuliza na habari ya waya, angalau hapo nipate sifa. Akasema mkanda wa dukani una rezista, kizuizi cha umeme, ya omu milioni moja, ili umeme ukivuja usikuue, na wangu ulikuwa shaba tupu. Halafu nondo ya dirisha imeishia kwenye tofali, haijashika ardhi popote. "Kwa hiyo hukujikinga na kitu. Ulikuwa umejifunga tu."

Madabodi imepona, prosesa imepona, na RAM yangu ya upweke nayo imepona. Ile pawa saplai ya Sh 180,000 nimeshainunua. Ili kuipata nimeuza monita, kwa hiyo kompyuta inawaka vizuri sana, nasikia feni. Kodi imelipwa na kaka wa Muscat, safari hii pesa iliingia siku hiyohiyo pamoja na ujumbe wa sauti ambao hauna neno hata moja, ni kicheko mwanzo hadi mwisho. Mama wa bibi harusi naye kapiga. Kasema video ameiona. Siyo ya binti yake.

Baba halisi wa yule kijana mpaka sasa nyumbani kwetu hajulikani. Marudio ni Jumamosi saa nane mchana. Wapangaji wamekaa kikao bila mimi na kuamua kwamba muda huo niwe nje ya geti, tena mbali. Shahidi amealikwa.