Kiini Kimekwenda Chooni

Mwalimu wetu wa Baiolojia alikuwa amechoshwa na maigizo ya mahafali. Kila mwaka mlevi anampiga mkewe, mganga anatapeli, mjumbe anaamua. Mwaka wetu akasema wazazi wataonyeshwa seli, tena kwa Kiswahili, kila mtu ajue ada yake imekwenda wapi.

Utando wa seli ulikuwa timu ya mpira, wameshikana mikono kwa duara, wameagizwa kupitisha kinachotakiwa tu. Kiini alikuwa kaka mkuu, ameketi katikati na daftari kubwa la DNA mapajani. Daftari halitoki kamwe. Ananakili amri kwenye vikaratasi, na vikaratasi ndivyo vinavyokwenda kwa ribosomu. Ribosomu walikuwa kidato cha kwanza, wengi na wadogo kama inavyostahili, kazi yao kusoma vikaratasi na kutoa protini. Protini zenyewe zilikuwa mayai ya kuchemsha. Golgi, msichana aliyelalamika tangu mwanzo kupewa jina la daktari wa Kiitaliano wa mwaka 1898, anayafunga kwenye gazeti na kuandika yanakopelekwa. Na lisosomu, mmeng'enyaji wa vilivyochakaa ndani ya seli, alikuwa yule ambaye bwenini hakuna anayethubutu kuacha uporo karibu naye.

Mimi nilikuwa mitokondria. Seli moja ya ini inaweza kuwa nazo zaidi ya 1,000; sisi tulikuwa wawili, uhaba wa wanafunzi. Nilipewa boksi la glukosi la dukani na tochi: nikipata chakula na oksijeni, tochi inawaka, ndiyo nishati hiyo. (Wenye sayansi yenu msinisumbue. Najua glukosi huanza kuvunjwa nje kwenye sitoplazimu, ule ute wa seli, kabla haijanifikia. Boksi la pairuveti, yaani glukosi iliyokwisha kuvunjwa, halikupatikana.)

Mwalimu alipotangaza kwamba mitokondria mtoto huzirithi kwa mama, mama yangu alipiga kigelegele, akamgeukia baba. Baba akajifanya anasoma ratiba.

Sasa, usiku wa kuamkia siku ile kaka mkuu alikuwa amesimamia jiko la pilau, na usimamizi wake ulikuwa wa kuonja. Mgeni rasmi akachelewa saa mbili. Igizo lilipofika katikati, kiini alisimama, akakumbatia daftari, akapasua utando na kupotelea nyuma ya madarasa.

Ribosomu hawakupata amri mpya, wakaendelea na ile ya mwisho: mayai, mayai, mayai. Lisosomu akaingia kazini.

"Lisosomu! Wewe unakula vilivyochakaa!" mwalimu akanong'ona, kipaza sauti kikiwa wazi.

"Mwalimu, na hili limechakaa," mdomo umejaa.

Mwalimu akavuta pumzi. "Mgeni rasmi, ndugu wazazi! Mnachokiona ni seli nyekundu ya damu ikikomaa ndani ya uboho wa mfupa. Imetoa kiini chake nje!"

Makofi. Angeishia hapo tungebaki salama, lakini yule bwana na usahihi ni ndugu. Seli nyekundu iliyokomaa haikosi kiini tu. Golgi akatolewa na magazeti yake, ribosomu wakaswagwa, lisosomu akaburutwa, mayai mifukoni. "Mitokondria, nje!"

Mama akasimama. "Mwalimu, wangu hajasema hata neno!"

"Mama, seli nyekundu haina mitokondria. Inabeba oksijeni ya mwili mzima. Ingekuwa nazo, ingeitumia yenyewe njiani."

"Nguvu inapata wapi?"

"Inavunja glukosi bila oksijeni."

Hivyo boksi likabaki jukwaani, mimi nikaondoka na tochi isiyowahi kuwaka.

Ikabaki timu ya mpira peke yake, imeambiwa ibonyee katikati, juu na chini, ipate umbo. Mgeni rasmi akauliza seli hiyo huishi muda gani.

"Siku 120 hivi," mwalimu akajibu.

Mgeni rasmi akatazama saa yake.

Ndipo kaka mkuu akarudi mbio, anachomekea shati. Beki wa kati akamzuia kwa kifua.

"Kiini kikishatoka hakirudi. Umesikia mwalimu."

"Mimi ndiye mwenye DNA!" akapaza sauti, akainua daftari watu wote walione. Lilikuwa limepungua kurasa.