Hongera Mwalimu kwa Kufa

Najua mmeshaiona. Ile klipu ya kisherehe cha mjomba kustaafu aliyoirusha jirani yangu kwenye stetasi, inayoanzia kwenye KUFA tu, haina kichwa wala miguu, mpaka watu wa Pangani wananiuliza nina ugomvi gani na mjomba. Sasa kaeni mpewe na mhusika mwenyewe. Na wewe jirani najua unasoma hapa, bando ulilonidhalilishia lilikuwa la kwangu, nilikuunganisha mimi hotspoti kwa mkono wangu.

Mjomba ni mwalimu wa primari, 60 imegonga, kastaafu. Ukoo ukapanga tumfanyie kisherehe jumamosi pale kwake Makorora, na mimi kwa vile niliwahi kumpangia shemeji barua ya kazi ikatoka imenyooka basi nikawa ndio mtaalamu wa kompyuta wa familia. Nikapewa picha zake za zamani nizitengenezee slaidi. Nkasema hilo dogo, sentensi ambayo kila nikiisema mwaka huu nimejuta.

Shida yangu mbwembwe. Slaidi ya mwisho ndio nilitaka iwalize watu (walilia, tutafika): picha yake ya 1991, nyeusi na nyeupe, kijana wa watu kashika chaki, halafu juu yake itokee sentensi herufi moja moja, HONGERA MWALIMU KWA KUFANYA KAZI MIAKA 34. Ijumaa usiku najaribu naona herufi zinatoka kizembe. Nikajua hii laptopu ya kuazima imechoka. Nikapunguza ukubwa wa picha, nikafunga Chrome, nikachomeka chaja maana ilikuwa inabana chaji, nikaingia mpaka kwenye mipangilio ya PowerPoint nikaizima kadi ya picha isiingilie mambo ya animesheni. Wapi. Kobe ni kobe.

Jumamosi saa moja usiku, watu washaanza kujaa chini ya turubai, ndo nikakiona kisanduku cha namba pale juu kwenye animesheni. Kina 2. Nkasema ahaa, kumbe spidi iko mbili tu! Jamani mi nimekulia nyumba yenye panga boi, na panga boi ukilipeleka 5 linataka kuondoka na dari. Nikaweka 5. Sehemu nyingine kuna asilimia ya kati ya herufi na herufi, nikaweka 100, si ndio fulu. Kujaribu tena sikujaribu, kibao cha pilau kilikuwa kinapita.

Kwa wenzangu wa panga boi: ile namba ni sekunde. Nusu sekunde ndo kasi, 5 ndo konokono, na ile 100 maana yake herufi haitoki mpaka mwenzake amalize kabisa kutoka. Nimekuja kuelezwa na binti wa kidato cha pili, tena huku anatafuna.

Haya. Slaidi za mwanzo zikapita vizuri tu, vigelegele, mjomba kakaa mbele na kanzu jipya jeupe anachekacheka. MC akatangaza ujumbe wa familia, taa zikazimwa. Picha ikatokea kwenye shuka. Kimya. Ikaja H. Yani haikuja, ilijikokota, mwanzo kama ukungu, ikakolea, ikakolea, ikawa H. Tukaisubiri O. Mama mmoja akatoka na mtoto analia, akambembeleza, akarudi, tuko kwenye R. Ilipofika HONGERA MWA nikahisi imekwama, nikabonyeza mshale wa kurudi, ikaenda slaidi ya nyuma, nikabonyeza mbele.

Ikaanza upya. H.

Sasa upande wa kulia ilikuwa meza ya walimu wenzake, na mwalimu hawezi kuona herufi peke yake akanyamaza. Mmoja akasema "H!" Wenzake wakaitika "H!" "O!" "O!" Mpaka tunafika MWALIMU turubai zima ni darasa la kwanza, watoto wanaruka, MC anaongoza na maiki. K! W! A! Kwa! K! U! Ku! F! A! Fa!

"KUFA!"

Wametamka wote, kwa furaha, kuna waliopiga na makofi. Halafu wakasikia walichosema.

N ilikuwa njiani jamani, sekunde tano tu. Lakini mkono una kiherehere, nikabonyeza spesi, enta, F5, spesi, mshale, vyote vilivyokuwa vinabonyezeka, laptopu ikaganda. HONGERA MWALIMU KWA KUFA. Na ile A ya mwisho imekolea kuliko herufi zote.

Hapo ndo akaingia mama mkubwa. Dada yake mjomba, gari limemchelewesha kutoka Muheza, kikapu cha machungwa kichwani. Anatokea gizani anakuta turubai, watu kimya, picha ya mdogo wake haina rangi, na maandishi. Mama mkubwa kusoma anajua vizuri tu. "MDOGO WANGU WEEE! MBONA HAMKUNAMBIA!" Kikapu chini. Kina mama wa huko nyuma kwenye masufuria hawajaona kitu, ila kwetu kilio kinapokelewa kwanza, kuulizana baadaye. Wakapokea.

Mjomba akanyanyuka kumtuliza dada yake, na njia aliyopita ni mbele ya projekta. Mnaelewa? Kanzu jeupe. Mama mkubwa anainua macho anamuona marehemu anamfuata kanyoosha mikono, kifuani kaandikwa KUFA. Alikimbia huyo, kwa miaka yake, juu ya machungwa, na mjomba nyuma yake anapiga kelele, "Dada mi mzima! Nife kiinua mgongo sijakishika?"

Yaliyobaki mafupi. Binti wa kidato cha pili kashika swichi mpaka laptopu ikazima, kawasha, 5 kaweka 0.5, 100 kaweka 10, sentensi ikatoka shwaa mara moja na aliyeiangalia ni mimi na MC tu, wengine washakwenda kwenye pilau. Mama mkubwa kalala bila kunipa mkono. Laptopu nimerudisha, nimesema ilikuwa hivohivo.

Asubuhi hii nikajikaza nikampigia mjomba nimuombe radhi. Shikamoo mjomba.

"Marehemu anasema marahaba. Njoo uokote machungwa."