Sikuanguka, niliketi

Shoga yangu keshasambaza kwamba nilianguka jukwaani. Uongo. Niliketi. Kwa kishindo, nakubali, ila niliketi.

Mnaikumbuka ile dansi ya Kihispania niliyowachosha nayo humu miezi mitatu, ya darasa letu la watu wazima hapa London? Muziki ni "Danse bohème" ya mtunzi Mfaransa Bizet, ile inayoimbwa mwanzoni mwa sehemu ya pili ya opera ya Carmen (1875). Sisi tulitumia ya okestra tupu, iliyomo kwenye mkusanyo wa pili wa vipande vya opera hiyo alioupanga Ernest Guiraud. Mwalimu alinishauri nichukue "Aragonaise", kipande kingine cha opera hiyohiyo, mwendo wake haukuyumbishi. Nikakataa: inaishia kwa kunong'ona, na mimi nilitaka kumaliza kwa radi. Radi niliipata.

Mazoezini tulipigiwa piano, na mpigaji, Mungu ambariki, alikuwa akitazama miguu yangu na kunisubiri. Jukwaani tulichezea rekodi, na rekodi haimsubiri mtu. Inaanza na filimbi, taratibu kama paka anyatiaye, kisha inazidi kukazana mpaka inakimbia.

Mwanzo, safi. Padebaski (hatua ya kuruka kidogo mguu hadi mguu) kulia, padebaski kushoto, sketi inapepea. Katikati, natabasamu kwa meno tu. Halafu ikakimbia.

Hapa twendeni polepole. Kisigino cha kulia kinapiga. Cha kushoto bado kiko kwenye mdundo uliopita. Mkono wa kulia una kastaneti (vibao viwili vidogo vya kugonganisha kiganjani) ya sauti nyembamba, ile Wahispania wanayoiita jike. Inaviringishwa kwa vidole: cha mwisho, cha pete, cha kati, cha shahada. Kamba yake huzungushwa mara mbili kwenye gumba na kukazwa. Mimi niliilegeza, ilikuwa inanibana. (Msinianze.) Cha mwisho kinagonga. Cha pete kinagonga. Cha kati kinagonga hewa. Jike limepaa, nami nimeinua uso kulitazama huku nazunguka. Kisigino kinatua juu ya marinda yangu mwenyewe. Kiuno kinakwenda kulia, sketi inabaki kushoto.

Nikaketi. Sekunde ileile okestra ikapiga pigo la mwisho. Paa!

Wakashangilia! Walidhani ndivyo ilivyopangwa. Pazia, barafu, teksi. Kastaneti ilikutwa ndani ya mkoba wa bibi mmoja wa mstari wa mbele.

Video hakuna, msiulize. Na wewe shoga, nakuona unaandika.