Nebula ya Shemeji

Shemeji wangu hajawahi kushindwa na kitu kinachotumia umeme. Vitu ndivyo vinavyoshindwa naye. Kwa hiyo siku nilipoteleza ulimi mbele yake kwamba natafuta kompyuta ndogo ya kuendeshea darubini porini, nilijua nimeshapata msaidizi, nitake nisitake.

Sababu ya kuitafuta ilikuwa ya haki. Darubini yangu ni ya kioo cha milimita 200, imekaa juu ya mtambo wenye mota unaoifuatisha nyota, na mahali pa jicho imechomekwa kamera. Vyote hivyo vinataka bosi, na laptopu ilikuwa bosi mbaya. Mwanga wa skrini yake unaharibu macho yaliyokwisha kuzoea giza, na kuyazoeza upya ni kazi ya nusu saa. Halafu betri yake hukata roho kabla ya usiku wa manane. Kompyuta ndogo unaifunga kwenye mguu wa darubini, inarusha waifai yake yenyewe, nawe unakaa mbali na tableti, umejifunika blanketi, unatoa amri kama sultani.

Mimi nilishapenda kijisanduku kimoja chenye prosesa ya Intel N100. Kinakula volti 12, yaani unakiunganisha na betri bila kuzungukazunguka, na ndani kina kibetri cha kutunza saa. Shemeji akakitazama kwenye picha, akasikitika.

"Shem, hicho kina feni. Feni na umande haviivi."

Yeye alitaka zile kompyuta za ukubwa wa kadi, za jamii ya Raspberry Pi. Nikamwambia hizo ni ndogo lakini zinadeka. Raspberry Pi 5, kwa mfano, inataka volti 5 kwa ampea 5, na pawabenki nyingi kwenye volti 5 huishia ampea 3. Akanisikiliza kwa adabu zote, akaenda akanunua ya ukubwa huohuo, ya kampuni nyingine, kwa pesa yake mwenyewe, akaniletea kama zawadi. Zawadi ya shemeji utaikataaje? Dada yake ndiye anayenipikia, na mimi ndiye ninayempikia siku akichoka. Nyumba haiwezi kuvunjika kwa sababu ya prosesa.

Kompyuta ile haikuwa na kibetri cha saa. Ukiizima, saa inaganda palepale. Ukiiwasha, inauliza intaneti ni saa ngapi. Nyumbani intaneti ipo, basi kila tukiiwasha ilikuwa inajua saa kuliko sisi. Habari hiyo iliandikwa kwenye kijitabu, na kijitabu alibaki nacho Shemeji.

Tukaijaribu uani. Shemeji alivuta umeme wa volti 5 kwa waya mrefu wa spika, mwembamba kama uliobaki kwenye harusi. Kila mota ilipogeuza darubini, kikompyuta kilizimika na kuwaka upya. Hapo nilijua ni kwa nini: waya mwembamba hula volti njiani, na ukiwa na tano tu, hata nusu volti ikipotea ni msiba. Raspberry Pi zenyewe huanza kulalamika volti zikishuka chini ya 4.63 hivi. Dawa ni kupeleka volti 12 kwa waya mnene mpaka kwenye darubini, ukazishushe kuwa 5 hapohapo. Nikafanya hivyo, kikatulia. Shemeji akasema ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo.

Likabaki suala la betri. Nilikuwa na yangu ya lithiamu, volti 12.8, ampea-saa 20, ambayo ni kama wati-saa 256. Nikapiga hesabu: kikompyuta, mota, kamera, na mkanda wa joto wa kufukuza umande (huo ndio mlafi kuliko wote), jumla nikazikadiria wati 40. Saa sita bila wasiwasi. Shemeji akacheka hesabu.

"Unabeba betri kwenda kwenye gari lenye betri?"

Nikamweleza kwamba betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kunyonywa polepole usiku kucha. Akaniambia, "Shem, unasoma sana." Gari lilikuwa lake. Betri yangu ikabaki nyumbani, imejaa.

Tukafika porini jua likizama. Pazuri: hakuna taa, hakuna mtu, hakuna mtandao wa simu. Tukasimamisha darubini hatua kama kumi na tano nyuma ya gari, tukavuta waya kutoka kwenye tundu la kiberiti cha gari, tukaingia ndani na kufunga vioo kwa sababu ya mbu. Shemeji ndiye aliyeshika tableti. Kikompyuta kikawaka, kikatafuta intaneti, kikaikosa, kikauliza tarehe na saa.

Shemeji akaangalia saa yake ya mkononi. "Saa mbili na dakika kumi," akasema kwa sauti, huku akiandika.

Masikioni mwangu ilikuwa sawasawa kabisa. Ilikuwa kweli saa mbili na dakika kumi usiku. Aliandika 02:10.

Nikamwambia aagize Nebula ya Pete, namba 57 katika orodha ya Messier ya vitu vya angani, ile iliyo kwenye kundi la nyota la Lyra, si mbali na nyota Vega. Ni gamba la gesi lililotemwa na nyota iliyokuwa inakufa, zaidi ya miaka 2,000 ya mwanga kutoka hapa. Wakati ule ilikuwa imepanda kileleni. Tukasikia mota zikivuma nyuma yetu, zikavuma sana, zikanyamaza. Picha ya kwanza ikaja nyeupe tupu. Nikamwambia apunguze muda wa kamera kupokea mwanga. Akapunguza, ikaja nyeupe. Akapunguza mpaka sehemu ndogo kabisa ya sekunde, na hapo ikatokea.

Pete. Nyekundu. Katikati ina tundu jeusi. Imejaa skrini.

Shemeji alishindwa kusema kwa muda, jambo ambalo peke yake lilistahili kupigwa picha. Mimi nilikuwa na mashaka. Pete ya kweli ni ndogo mno: ukiuchukua mwezi mpevu, pete hiyo haifikii hata sehemu moja ya ishirini ya upana wake. Tena ni hafifu, huombi picha yake kwa kufumba na kufumbua.

"Labda imesogea karibu," akasema Shemeji.

Programu ya kutambua nyota kwenye picha ikajibu kwamba haijaona nyota hata moja. Shemeji akasema nebula imezifunika.

Nikashuka. Gizani nikapapasa waya mpaka kwenye darubini, nikaushika mtutu wake. Haukuwa umeelekea juu. Ulikuwa umelala, unatazama kulekule nilikotoka.

"Shem!" Sauti ikatoka garini. "Kuna kitu kikubwa kimepita mbele ya nebula! Cheusi! Kimeifunika yote!"

Kilikuwa tumbo langu. Nikajisogeza pembeni.

"Imerudi!"

Nikageuka. Taa ndogo ya nyuma ya gari, ya kushoto, ilikuwa inawaka. Shemeji aliacha taa ndogo tangu tunashusha vyombo, na aliyekaa ndani hazioni. Kwa darubini iliyowekwa tayari kutazama mbali kusikokuwa na mwisho, taa ya hatua kumi na tano ni ukungu tu. Na kwa kuwa darubini ya kioo ina kioo kingine kidogo kinachoziba katikati, ukungu huo unatoka na tundu. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa. Kikompyuta kiliamini ni saa nane usiku wa kuamkia siku ile, saa 18 nyuma, na kwa duara la anga, la saa 24, hiyo ni sawa na saa 6 mbele: nyuzi 90. Kikaifuata pete kule ambako kingeikuta ikizama, na kule lilikuwepo gari.

Nilikuwa nafungua mdomo kumweleza nilipomsikia tena, safari hii kwa sauti ya msibani.

"Inafifia. Shem, njoo uone, inafifia! Umesema ni nyota inayokufa?"

Nilikuwa naiona bila tableti. Ikapoa, ikawa rangi ya kutu, ikawa kama haipo. Kikompyuta nacho kikazimika. Kukawa kimya, kisha nikasikia Shemeji akizungusha ufunguo, na gari likajibu kwa kugonga mara moja tu, tk.

Likabidi lisukumwe. Yeye usukani, mimi nyuma, mteremko kidogo, gia ya pili. Likashika, likaruka mbele, na waya mnene niliouchagua mwenyewe ili usipoteze volti ukathibitisha kwamba haupotezi kitu: uliking'oa kikompyuta mguuni pa darubini na kukiburuta majanini mpaka Shemeji alipokanyaga breki. Taa nyekundu zikawaka zote mbili, kwa nguvu, nzuri ajabu.

Kikompyuta kinafanya kazi mpaka leo, kina mkwaruzo tu. Nimekiwekea moduli ya saa yenye kibetri chake, na betri yangu inasafiri nami. Picha ya pete iko kwenye simu ya Shemeji, mbele kabisa. Juzi mgeni mmoja anayejua mambo ya anga aliitazama kwa muda mrefu, akamuuliza hiyo nebula iko upande gani.

"Nyuma," akasema Shemeji. "Kushoto."