Mama, Biblia Nimeisoma

Alhamisi mama mmoja kaja kibandani kutoa hela. Mimi nipo zangu Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwenye uwakala wa pesa za simu, baridi ya mwezi wa saba mnaijua, nimejifunika kitenge mpaka masikio nasoma. Nainua kichwa nimuombe namba, kumbe yeye anaangalia kava. Akasoma kwa sauti jina la riwaya, Rosa Mistika, halafu akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, huo muda si ungesoma Biblia?" Nikamhudumia. Elfu thelathini hiyo mama, hesabu kabisa, karibu tena. Ila moyoni nilichemka mpaka nafunga.

Kwanza muda gani? Ni dakika nne kati ya mteja na mteja, ni mtandao ukikata, ni foleni ya Uyole malori ya Tunduma yameziba njia mpaka konda kachoka hata kugombana. Kitabu cha kujilaza kwenye kochi na chai pembeni sijawahi kukisoma tangu nizaliwe. Nasoma kurasa mbili, naacha, nahesabu hela za watu, narudi. Kuna wanaosema huko sio kusoma, sijui wenzetu wanasomaga wapi, ila mimi nikikatishwa pabaya, Zakaria, baba yake Rosa humo kitabuni, nashinda naye kutwa nzima, siku moja nusura nimrushie mtu laki badala ya elfu kumi kwa ajili yake.

Sawa, nimpe huyo mama haki yake. Zipo kurasa humo nisingependa mdogo wangu wa darasa la tano azione. Haya, nimekubali, tuendelee.

Maana hata serikali ilifikiri kama yeye. Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, alikitoa 1971, kikazuiwa mashuleni, baadaye kikarudi mashuleni hayo hayo kikawa cha kujibia maswali. Hii nakala niliyoazima pembeni imejaa peni za wanafunzi: "dhamira: malezi", mshale, duara, "itatoka hii". Binti wa watu anapigwa na baba yake, pembeni mtu kaandika itatoka hii. Shule zetu bwana.

Sasa hapo kwenye kupigwa ndipo mimi niliposhindwa kuendelea. Rosa kaandikiwa barua na kijana, Charles, basi, barua, na yule baba mlevi akamshushia kipigo. Na jina la huyo mtoto limetoka kwenye litania ya Bikira Maria, Wakatoliki mnaijua, "Waridi lenye fumbo, utuombee". Yaani nyumba imemvalisha mtoto sala halafu humo humo anachapwa kama mwizi wa kuku.

Baba yangu halewi, nisimsingizie. Ni mzee wa kanisa. Nikiwa kidato cha pili kule Tukuyu kijana mmoja aliniandikia kikaratasi cha daftari, kachora ua kwa peni nyekundu, wala hakuwa na la maana, anaomba nimuazime notisi za bayolojia, ila mwishoni akaweka "wako". Hilo neno moja. Baba akaisoma mbele ya nyumba nzima. Akatupigisha magoti, akasali, sala ndefu, mpaka akawaombea wagonjwa wa mtaani. Akasema amina ndiyo akavua mkanda. Mama alikuwa anamenya ndizi. Aliendelea kumenya.

Nina miaka thelathini na nne, hii habari sijawahi kuisikia ikisemwa madhabahuni. Waefeso sita tumesomewa mpaka tumeikariri, "enyi watoto, watiini wazazi wenu", wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu mahubiri yanahamia kwenye sadaka. Mstari wa nne je? "Nanyi, akina baba, msiwachokoze watoto wenu." Upo palepale, hauhitaji hata kufunua ukurasa! Kwa hiyo mama yangu wa elfu thelathini, Biblia nimeisoma, tatizo nimeisoma mpaka mstari wa nne. Na aliyenirudisha kwenye huo mstari ni hiki kitabu unachokionea kinyaa, cha mtu aliyepita seminari mwenyewe, sio mpagani aliyekaa nje anarusha mawe, mpaka mwisho wa kitabu kesi yenyewe kaipeleka mbele ya Mungu. Hapo nililia na mteja yupo dirishani. Nikamwambia ni vumbi.

Sijasema nimemchukia baba. Tunasalimiana vizuri tu, simu ya kila Jumapili, na nikipata chochote namtumia. Ila kwa miaka yote hiyo nilidhani yale magoti na ule mkanda ni kitu kimoja, kwamba ukikataa mkanda umekataa na Mungu. Nani alinifundisha hivyo? Hakuna aliyenifundisha, nilikiona tu nyumbani.

Nilipomaliza nilikifunga kwenye mfuko wa rambo nikampa dereva wa kosta ya Tukuyu ampelekee mama, mwenye kitabu anisamehe, kitarudi. Sikuandika kitu ndani. Wiki mbili kimya. Juzi usiku kapiga, kaulizia wajukuu, kaulizia bei ya viazi huku, tukanyamaza kidogo, halafu akasema taratibu kama kuna mtu amelala chumba cha pili, "Na yule kijana wa barua, huko mbele anarudi?"

Nikamwambia soma mama.